Kuvu na mionzi ya nyuklia: Walinzi wa sumu isiyoonekana msituni

WANASAYANSI wa Ukraine waliochunguza mabaki ya kinu nambari nne cha nyuklia cha Chernobyl katika miaka ya 1990 walikuta jambo ambalo ni wachache walilitarajia. Ndani ya jengo hilo, mahali ambapo binadamu hawezi kukaa kwa muda mrefu bila kuhatarisha uhai wake, kuta zilikuwa zimeota ukungu mweusi. Ukungu huo haukuwa umedumaa wala kunyauka. Ulikuwa hai na uliendelea kukua.

Ugunduzi huo ndio uliozaa dai ambalo limerudiwa mara nyingi tangu wakati huo, kwamba ipo kuvu inayokula mionzi, na kwamba huenda siku moja itatumiwa kuisafisha ardhi iliyochafuliwa. Dai hilo lina chembe ya ukweli ndani yake. Hata hivyo, linaficha jambo lililo kubwa zaidi na lenye kuwagusa watu wengi zaidi. Katika misitu ya Ulaya na Japani, kuvu haikuiondoa sumu ya nyuklia. Imeitunza, tena imeitunza karibu na uso wa ardhi, mahali ambapo wanyama na watu hutafuta chakula.

Ajali ya Chernobyl ilitokea saa saba na dakika 23 usiku wa Aprili 26, 1986, wakati Ukraine ilipokuwa bado sehemu ya Muungano wa Kisovieti. Mji jirani wa Pripyat, uliokuwa na wakazi wapatao 49,000, ulihamishwa siku iliyofuata. Kufikia mwisho wa mwaka huo, watu takriban 116,000 walikuwa wameondolewa katika eneo la kilomita 30 kuzunguka kinu hicho na sehemu nyingine za karibu. Lakini upepo haukujua mpaka. Wingu la vumbi lenye mionzi lilisambaa juu ya Belarus, Urusi, nchi za Skandinavia, Austria na kusini mwa Ujerumani. Pale wingu lilipokutana na mvua, sumu ilinyesha pamoja na matone, na ndiyo sababu ramani ya uchafuzi huo ina mabaka mabaka kama ngozi ya chui: bonde moja limeathirika vibaya, la pili yake limesalimika.

Miongoni mwa vitu vilivyoanguka, baadhi havikukaa. Iodini-131, iliyowadhuru watoto wengi kupitia maziwa katika wiki za kwanza, hupungua kwa nusu kila baada ya siku nane. Baada ya miezi michache haikuwa na athari tena katika udongo. Sesiamu-137 ni habari nyingine. Huchukua takriban miaka 30 kupungua kwa nusu. Hii ina maana kwamba nusu ya sesiamu iliyoanguka mwaka 1986 ilikuwa bado ipo mwaka 2016, na robo yake itakuwapo karibu mwaka 2046. Moto hauiteketezi, baridi haiipunguzi, na hakuna mmea, mnyama wala kuvu inayoweza kuiharakisha ikamaliza muda wake mapema. Kiumbe hai kinaweza kuihamisha au kuizuia isihame. Kuimaliza hakiwezi.

Hapo ndipo kuvu inapoingia. Watu wengi huifahamu kwa sura zake mbili: ukungu unaoharibu mahindi ghalani, na uyoga unaochipuka baada ya mvua. Lakini uyoga ni kama embe juu ya mwembe. Mwili wenyewe wa kuvu umejificha chini, nao ni mtandao wa nyuzi nyembamba kuliko unywele zinazopenya katika udongo, majani yaliyooza na magogo. Kuvu si mmea. Haina ukijani wa kujitengenezea chakula kwa nuru ya jua. Huishi kwa kutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha kilicho karibu nayo, kisha hufyonza. Kuvu nyingi za misitu ya misonobari na mialoni huishi kwa mapatano na miti: nyuzi zake huivisha mizizi, huupa mti maji na madini, nao mti huilipa kwa sukari.

Kiumbe kinachoishi kwa kufyonza hufyonza pia kisichokihitaji. Ukweli huo mmoja ndio unaoeleza karibu yote yaliyotokea baadaye.

Aliyeongoza uchunguzi wa ukungu mweusi wa Chernobyl alikuwa Nelli Zhdanova, mtaalamu wa kuvu katika Taasisi ya Mikrobiolojia na Virolojia mjini Kyiv. Katika ripoti iliyochapishwa mwaka 2000, yeye na wenzake walieleza aina 37 za kuvu zilizopatikana ndani ya jengo la kinu hicho. Nyingi kati yake zilikuwa nyeusi au za rangi ya kahawia iliyokolea, na mojawapo, Cladosporium sphaerospermum, ndiyo iliyopata sifa kubwa zaidi baadaye. Mwaka 2004 kundi hilo hilo liliripoti kwamba nyuzi za baadhi ya kuvu hizo, zikiwekwa karibu na chanzo cha mionzi, hukua zikikielekea, mfano wa mche wa dirishani unaoinamia jua.

Weusi huo unatokana na melanini, rangi ile ile inayopatikana katika ngozi na nywele za binadamu. Mwaka 2007, Ekaterina Dadachova na Arturo Casadevall wa chuo cha tiba cha Albert Einstein, New York, walichapisha utafiti ulioufanya ulimwengu ushtuke kidogo. Waliweka kuvu zenye melanini katika mionzi iliyozidi ile ya kawaida ya mazingira kwa takriban mara 500, na wakaona kwamba zilikua haraka kuliko zile zisizowekwa katika mionzi. Isitoshe, melanini iliyopigwa na mionzi ilibadilika tabia yake ya kupitisha elektroni. Wakapendekeza kwamba huenda rangi hiyo huigeuza nguvu ya mionzi iwe nguvu inayoweza kutumiwa na kuvu, kama vile ukijani wa majani unavyotumia mwanga.

Neno muhimu hapo ni "huenda". Hakuna aliyekwisha kuonyesha kwamba kuvu hizo hujitengenezea chakula kutokana na mionzi jinsi mmea unavyofanya kwa jua. Bado zinahitaji mabaki ya viumbe au virutubisho vingine. Yawezekana pia kwamba melanini ni ngao tu, na kwamba kuvu nyeusi hustawi pale ambapo washindani wao wameshindwa. Hata kama nadharia ya Dadachova na Casadevall ingethibitishwa kikamilifu, kuvu ingekuwa inatumia nguvu inayotoka katika atomi, si kuzila atomi zenyewe. Mtu anayeota moto hapunguzi kuni. Wala hakuna haja ya mtu yeyote kudhani kwamba melanini ya ngozi yake itamkinga na mionzi ya nyuklia. Mionzi ya gama hupenya mwili wa binadamu wa kila rangi.

Watafiti wengine wameipeleka Cladosporium sphaerospermum mbali zaidi. Ilipandwa katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kwa takriban mwezi mmoja, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba utando wake mwembamba, wa unene wa milimita 1.7 hivi, ulihusishwa na upungufu wa karibu asilimia mbili ya mionzi iliyopimwa chini yake. Hicho ni kiasi kidogo, ila kwa wanaowaza safari ya Mars, kinga inayojiotea yenyewe ni wazo la kuvutia.

Jambo lisilosimuliwa sana ni kwamba kundi la Zhdanova liliona pia kuvu zikizizingira na kuzivunja chembe ndogo zenye mionzi mikali zilizorushwa na mlipuko. Mtu akisikia hayo haraka atafikiri ni habari njema. Kinyume chake, chembe ngumu iliyokaa kimya ardhini huweza kuwa na madhara machache kuliko chembe iliyosagwa, ambayo yaliyomo sasa yanaweza kuyeyuka na kuingia katika maji na mizizi.

Ukungu wa ndani ya kinu, pamoja na umaarufu wake wote, haumlishi mtu. Kuvu za msituni zinalisha. Wakazi wa Polesia, nchi ya misitu na vinamasi iliyo kati ya Ukraine na Belarus, wamekuwa wakiokota uyoga na matunda ya porini kwa vizazi vingi. Kwa familia nyingi za vijijini uyoga si kitoweo cha anasa. Ni akiba ya majira ya baridi na ni fedha za sokoni. Ripoti ya Jukwaa la Chernobyl ya mwaka 2005, iliyotayarishwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na serikali za Ukraine, Belarus na Urusi, ilitaja uyoga, matunda ya porini na nyama ya mwituni kuwa vyakula ambavyo viwango vyake vya sesiamu vingebaki juu kwa miongo kadhaa, hata baada ya mazao ya shambani kuwa salama.

Tofauti hiyo kati ya shamba na msitu inatokana na udongo. Sesiamu inafanana na potasiamu kikemia, na viumbe huipokea kwa kukosea, wakidhani ni potasiamu wanayoihitaji. Katika shamba lenye udongo wa mfinyanzi, sesiamu hunaswa katikati ya tabaka za mfinyanzi na mizizi haiipati kwa urahisi. Mkulima anaweza pia kulima kwa kina ili kuizika, au kutia mbolea ya potasiamu ili mmea ushibe kile kilicho halali. Msitu haulimwi wala hautiwi mbolea. Juu yake pana zulia la majani yaliyooza, lenye mfinyanzi kidogo mno, na zulia hilo ndilo makao ya nyuzi za kuvu. Sesiamu ikitaka kushuka, nyuzi huikamata. Uyoga ukichipuka, huibeba juu. Uyoga ukioza, huirudisha pale pale. Jani la mti likidondoka, nalo hurudisha sehemu yake. Mzunguko huu umeendelea mwaka baada ya mwaka.

Uyoga wenyewe haulingani. Cortinarius caperatus, unaopendwa katika nchi za kaskazini, hukusanya sesiamu kwa wingi sana. Imleria badia, wenye kofia ya kahawia na unaookotwa kote Ulaya ya kati, una rangi asilia katika kofia yake ambazo hushikamana na sesiamu. Cantharellus cibarius, ule wa manjano, kwa kawaida huwa na kiasi kidogo zaidi ukiulinganisha na hao. Kina cha nyuzi, aina ya udongo na mvua iliyonyesha siku chache baada ya mlipuko vyote vina neno la kusema. Uyoga unaopandwa vibandani kwa majani makavu au samadi safi hauna tatizo hili.

Kutoka kwa uyoga sumu hiyo huingia kwa mifugo. Nchini Norway na Uswidi, Wasami hufuga kulungu wa aktiki, ambao chakula chao cha majira ya baridi ni kuvumwani, yaani kiumbe kilichoundwa na kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Kuvumwani haina mizizi na hupata mahitaji yake kutoka kwa mvua na hewa, kwa hiyo ilipokea vumbi la Chernobyl moja kwa moja. Maelfu ya mizoga ya kulungu hao ilitupwa. Mnamo Novemba 1986 Norway ilipandisha kiwango kinachoruhusiwa katika nyama hiyo kutoka bekereli 600 hadi 6,000 kwa kilo, bekereli moja ikiwa ni atomi moja inayovunjika kila sekunde. Wasami walioila kwa wingi walihitaji ushauri wa pekee, ilhali mlaji wa mjini huila mara chache kwa mwaka. Serikali ilipima hasara ya kuuangamiza utamaduni mzima dhidi ya hatari ya mionzi, ikachagua. Kiwango hicho kilishushwa hadi 3,000 mwaka 1994.

Wafugaji walijifunza upesi kuwa mwaka wa mvua nzuri ni mwaka mbaya. Mwaka 1988 uyoga ulichipuka kwa wingi nchini Norway, na viwango vya sesiamu katika kondoo na mbuzi waliolisha milimani vikapanda, ingawa hapakuwa na ajali mpya. Dawa iliyosaidia ilikuwa kemikali iitwayo buluu ya Prusia, ambayo huchanganywa katika chumvi ya kulamba au kupewa mnyama kwa kidonge kikubwa. Huinasa sesiamu tumboni na kutoka nayo katika kinyesi.

Kisa cha nguruwe-mwitu wa Bavaria, kusini mwa Ujerumani, kiliwashangaza wataalamu kwa muda mrefu zaidi. Kadiri miaka ilivyopita, nyama ya wanyama wengine wa msituni ilizidi kuwa safi. Ya nguruwe-mwitu ilikataa kushuka. Mchawi alikuwa kuvu ya jamii ya Elaphomyces, ambayo huzaa tunda lake chini ya ardhi, nao nguruwe huifukua kwa pua wakati wa baridi ambapo chakula ni haba. Sesiamu huteremka udongoni polepole mno, kwa hiyo kuvu hiyo ya chini ilikuwa ikiendelea kupokea mzigo wake wakati uyoga wa juu ulipokuwa umeanza kupungukiwa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 uliongeza jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Watafiti walipima sampuli 48 za nyama kutoka wilaya 11 za Bavaria, na asilimia 88 zilizidi kiwango cha Ujerumani cha bekereli 600 kwa kilo. Kwa kulinganisha sesiamu-137 na ndugu yake, sesiamu-135, waliweza kutofautisha iliyotoka Chernobyl na iliyotoka katika majaribio ya mabomu ya nyuklia ya katikati ya karne ya 20. Sehemu isiyopuuzwa ilikuwa ya mabomu. Majaribio ya angani ya Marekani, Muungano wa Kisovieti na Uingereza yalikomeshwa na mkataba uliotiwa saini Moscow mwaka 1963. Kuvu ya Bavaria ilikuwa bado inayahesabu miaka 60 baadaye. Nyama inayozidi kiwango haiuzwi, na nchini Ujerumani mwindaji huweza kufidiwa na serikali.

Japani ilipata somo kama hilo baada ya tetemeko la ardhi na tsunami ya Machi 11, 2011 kuharibu kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi. Huko msiba uliwaangukia pia wakulima. Uyoga wa shiitake hupandwa kwa njia ya jadi katika magogo ya mwaloni, na Fukushima ilikuwa mzalishaji mkubwa wa magogo hayo kwa mikoa mingine. Tangu Aprili 2012 kiwango cha juu cha sesiamu katika vyakula vya kawaida nchini humo ni bekereli 100 kwa kilo, lakini kwa gogo la kupandia uyoga ni 50 tu, kwa sababu uyoga huivuta sesiamu kutoka kwenye gogo. Mialoni hiyo hukatwa ikiwa na umri wa miaka 20 hivi, kisha kisiki huchipua upya. Machipukizi nayo yamekutwa na sesiamu. Mwenye msitu aliyerithi miti tayari kwa shoka akabaki nayo imesimama.

Je, kuvu haiwezi kugeuzwa iwe mtumishi? Wazo la kuvuna uyoga wote wa msitu uliochafuliwa na kuuzika mahali salama limetajwa zaidi ya mara moja. Hesabu yake haikubali. Uyoga unaoonekana hubeba sehemu ndogo mno ya sesiamu yote iliyo msituni, na iliyobaki imo katika udongo, nyuzi na miti. Kwa uranium mambo ni tofauti kidogo. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, walionyesha kwamba kuvu huweza kuigeuza uranium hafifu, ile inayotumiwa katika risasi za kutoboa vifaru, ikawa madini ya fosfeti yasiyoyeyuka kwa urahisi. Hapo kuvu imeifunga sumu kwa kufuli. Sesiamu haina kufuli la namna hiyo.

Kuna dalili pia kwamba mionzi nayo huiumiza kazi ya kuvu. Utafiti wa mwaka 2014 uliofanywa kuzunguka Chernobyl ulionyesha kuwa majani makavu katika maeneo yaliyochafuka zaidi yalioza pungufu kwa takriban asilimia 40 kuliko katika maeneo ya kawaida. Kazi ya kuozesha ni ya kuvu, bakteria na wadudu. Ikilegea, majani hurundikana, na majani makavu ni kuni. Mnamo Aprili 2020 moto mkubwa uliunguza sehemu za eneo hilo lililofungwa, na moshi ulibeba tena angani baadhi ya kile ambacho zulia la msitu lilikuwa limekishikilia tangu 1986.

Kwa wale wasioweza kuacha kuokota, ushauri umekuwa ule ule kwa miaka mingi. Uyoga huoshwa udongo wote utoke, hukatwakatwa, huchemshwa katika maji ya chumvi, na maji hayo humwagwa. Kwa njia hiyo sehemu kubwa ya sesiamu hutoka, kwa kuwa huyeyuka katika maji. Kukausha hakusaidii. Uyoga ukikauka hupoteza maji peke yake, na kilo moja ya uyoga mkavu huwa na sesiamu ya kilo nyingi za uyoga mbichi. Ndiyo sababu Belarus imeweka kiwango cha bekereli 370 kwa kilo ya uyoga mbichi na 2,500 kwa mkavu, na ndiyo sababu masoko ya huko yamekuwa na vyumba vya kupimia ambapo muuzaji wa kikapu kimoja hupeleka bidhaa yake kwenye mashine kabla ya kupewa nafasi ya kuiuza.